Shikamoo ya Mama Yangu

Ufunguo wa geti niliufunga kwenye pindo la kanga, nikala nao, nikaoga nao, nikalala nao. Mama yangu alikuwa anatoka. Sisemi kutoka kwa kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Alikuwa anatoka moja kwa moja, peku, anashika barabara ya kusini, na ukimuuliza waenda wapi mama, anakujibu mtoni. Kutoka kwetu Chuno, Mtwara mjini, mpaka mto Ruvuma ni safari ya gari, tena gari zima. Mara ya kwanza alirudishwa na dereva wa bodaboda aliyemkuta njia ya Mtawanya, kiatu hana, mtandio hana. Baada ya mara ya tatu nikanunua kufuli. Kufuli likamfungia yeye, likanifungia na mimi, na haikupita wiki nikawa sijui tena nani mfungwa na nani askari jela.

Daktari alitamka demensia. Majirani walisema uzee tu huo, na mmoja akaninong'oneza kwamba ni mkono wa mtu, akanielekeza kwa fundi wake, mganga wa kienyeji. Nilimshukuru nikafunga geti.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya binafsi Morogoro. Nilikuja Mtwara kwa wiki tatu kumwangalia mama, nikaomba nyongeza, nikaomba nyongeza ya nyongeza, mpaka mkuu wa shule akaniandikia kwamba nisipokuwa darasani Jumatatu ya kufungua muhula, vipindi vyangu atapewa mtu mwingine. Hakuandika kwa ukali. Angekuwa mkali ningepata wa kumkasirikia. Nina miaka arobaini na saba, mume niliachana naye zamani, mtoto sikujaliwa. Nilichokuwa nacho duniani ni vipindi vile, kiti changu katika chumba cha walimu, na mahali ambapo mtu akiita "mwalimu" nageuka mimi. Nilibakiwa na wiki tano za kumpata mtu wa kukaa na mama. Nisipompata, basi.

Nina kaka yangu mkubwa, yuko Dar es Salaam. Alikuwa anapiga simu kila siku baada ya kunywa chai, ushauri umejaa tele. Mama asipelekwe kokote. Mama asilishwe chakula cha jana. Mama asilelewe na vibarua wakati ana watoto wazima, watu watasemaje? Nikamwambia njoo basi, mtoto mzima, ulale naye wiki moja. Akasema mambo yamembana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nikamwambia, na nikakata simu. Kesho yake akapiga tena kana kwamba sikusema kitu.

Na akina mama wa mtaani nao hawakuniacha. Wakipita nje ya geti huchungulia na kunikumbusha kwamba pepo iko chini ya nyayo za mama. Nyayo hizo nilikuwa naziosha mara tatu kwa siku na pepo sikuiona. Siku moja nilimjibu mmoja wao hivyo hivyo, akashika mdomo, akasema astaghfirullah. Nikajuta, lakini nilijuta kwa sababu mama alikuwa amekaa pale barazani akinitazama, na sikujua alichokielewa.

Mtu wa kwanza niliyemleta alikuwa binti mpole wa kutoka vijiji vya mikorosho huko Nanyamba. Binti wa watu alikuwa na adabu mpaka nikamwonea huruma. Alimwita mama "bibi", akapiga goti kumpa maji, akaongea naye kwa sauti ya kuomba radhi. Mama akamtazama siku mbili, siku ya tatu akaniita pembeni akasema huyu msichana amevaa kanga zangu. Kanga zilikuwa kabatini, zote, nikazitoa moja moja nikazipanga mbele yake. Akazitazama akasema, "Eeh, na hizi nazo kaziiba wapi?" Binti akaondoka akilia, nami nikamsindikiza mpaka kituoni nikimwomba msamaha kwa niaba ya mtu asiyejua kakosa nini.

Wa pili alikuwa na cheti. Alikuja na sare nyeupe, glavu na daftari la kuandika mama kala nini na kaenda chooni mara ngapi. Mama alipoiona ile sare nyeupe akadhani ni mchoma sindano. Akajifungia chumbani, akaegemeza kitanda mlangoni, kitanda kile ambacho mimi na jirani yangu hatukuweza kukisogeza tulipokuwa tunafagia. Tukabembeleza tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mama wa cheti akavua glavu zake, akasema kwa upole sana kwamba kazi ipo lakini mgonjwa hayupo tayari. Nikabakiwa na wiki tatu.

Wa tatu sikumtafuta, aliletwa na mwenye duka. Mjane wa Mtawanya, Mmakua, mhudumu wa wodi aliyestaafu, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nikamfungulia geti bila matumaini. Mama alikuwa barazani, kavimba kwa hasira, kagoma kula tangu jana yake. Yule mama hakupiga goti. Alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akapaza sauti:

"Huyu ndiye Mmakonde mwenyewe? Mimi nimeambiwa kuna msiba, nimekuja na jembe la kuchimbia, kumbe bado anapepesa macho!"

Nikataka kumtoa nje. Lakini mama aliinua kichwa, na uso wake ukafunguka, uso ambao sikuuona tangu nifike.

"Mmakua!" akasema. "Nani kamfungulia geti Mmakua? Ficheni kuku!"

"Kuku wako wanatakiwa na nani, wamekonda kama wewe? Kula huo ugali kabla sijaumaliza mimi. Mkifa na njaa nyie, sisi watani ndio tunaosumbuka kuzika."

"Unizike mimi? Nitakuzika wewe kwanza, na sanda sikununulii."

Akala. Alikula huku akimtukana, tonge kwa tusi, tusi kwa tonge, na yule Mmakua akimrudishia. Wenye adabu wote tuliokuwa tukimnyenyekea tulikuwa tunamwambia, kila siku, kwamba yeye ni mgonjwa. Mtani peke yake, Mmakua kwa Mmakonde, ndiye aliyemkuta mtu mle ndani akamtukana kama mtu. Nilikaa kwenye kizingiti nikacheka mpaka nikalia. Usiku huo huo nilimpigia mkuu wa shule nikamwambia nakuja.

Sasa hapo mngesema mambo yamekwisha. Na mimi nilisema hivyo.

Mmakua wetu akiwa na siku ya nne kwetu, nilimpelekea mama maji ya kunawa asubuhi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Aliponiona akasimama, akashika gauni kwa mikono miwili, akayakunja yale magoti yake mabovu kama afanyavyo mtoto wa kike aliyefundwa, akainamisha macho.

"Shikamoo," akasema.

Nikacheka. "Mama jamani, unaniamkia mimi? Leo umeamka na vituko."

"Shikamoo, mama," akarudia.

Nikamwona hachezi. Alikuwa anangoja, magoti yamekunjwa, yanatetemeka. Nikamdaka mabega nikamkalisha, nikamwambia, "Shikamoo, mama. Mimi ndiye nakuamkia wewe. Shikamoo." Akashtuka. Akasimama tena, akakunja magoti tena. "Shikamoo." Nami nikajibu shikamoo. Tukawa tunarushiana shikamoo mle chumbani, yeye huku, mimi huku, na wa kuipokea hakuna. Mtu angepita dirishani angedhani tumepatwa wote wawili. Mwisho alikaa chini sakafuni, akaanza kulia, analia kwa kwikwi, kilio cha mtoto mdogo.

"Nimekosa nini?" akasema. "Mama, nimekosa nini mpaka hunijibu?"

Siku tatu zilikwenda hivyo. Kila asubuhi ananiamkia, kila asubuhi nagoma, na kila asubuhi anasusa chakula. Hata matusi ya Mmakua hayakumwinua. Tena ikawa nikisogea hatua mbili, ananifuata ameshika kanga yangu. Nikienda jikoni, yuko. Nikienda chooni, anasimama nje ya mlango akiniita. Nilikuwa nimepata mlezi, tiketi nimekata ya Jumamosi, na sikuweza kufika hata kwenye geti langu mwenyewe.

"Mwitikie," Mmakua akaniambia. Tulikuwa tunamenya muhogo, mama amesinzia mkekani kichwa kwenye paja langu.

"Siwezi, dada."

"Mdomo unauma?"

"Ni mama yangu mzazi. Nimwambie marahaba? Hiyo si laana?"

"Laana ipi? Laana ni kumlaza mzee na njaa kwa sababu ya adabu zako. Yeye kakuona mama yake. Wewe unamnunia. Mtoto akinuniwa na mama yake atakula?"

Sikuwa naogopa laana, niseme ukweli. Laana nimeitaja kwa sababu ndiyo niliyoweza kuitaja mbele ya mtu. Nilichoogopa ni kwamba nikisema marahaba nitakuwa nimekubali. Kwamba nyumbani kwetu hakuna tena mtu wa kuipokea shikamoo yangu. Baba alikwisha kufa, shangazi zangu wamekwisha, na huyu aliyebaki nikimwitikia, basi mkubwa ni mimi. Nilihisi nanyang'anywa kitu mchana kweupe na natakiwa nikikabidhi mwenyewe kwa mkono wangu.

Asubuhi iliyofuata alisimama, akakunja magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema. Sauti haikutoka vizuri. Nikarudia. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama," akasema, na akatabasamu meno yote matano. Akala uji bakuli zima, akaomba wa pili. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta, nikalia mpaka Mmakua akaja kuniambia inatosha, uji wako nao unapoa.

Kuanzia hapo akanifundisha kazi. Mtoto anaagwa, akasema. Usimtoroke, ukimtoroka hata mara moja humpati tena. Muage, mwambie unakokwenda, kisha urudi, aone kwamba watu wanaokwenda hurudi. Siku ya kwanza nikamwambia mama nakwenda dukani, ubaki na mtani wako. Nikasimama nje ya geti dakika kumi natazama saa, nikarudi. Hajambo. Siku ya pili sokoni, nikakaa saa zima. Siku ya tatu kwa fundi cherehani, nikachelewesha makusudi, nikanywa soda peke yangu chini ya mwavuli wa mtu, ya baridi, bila mtu kushika kanga yangu. Soda ile siwezi kuisahau. Nikarudi, nikamkuta anabishana na Mmakua nani anakula panya na nani anaiba kuku. Nikaanza kuhesabu siku kwa furaha.

Ikafika Alhamisi, na Jumamosi ndiyo safari. Nilitaka kwanza nimwone mama mdogo, binti wa mama mkubwa wake mama, yule aliyemlea, ili awe anakuja kumtazama mara moja moja nikishaondoka. Anakaa Msangamkuu, ile rasi ya upande wa pili wa bandari, unavuka na kivuko. Na sisi watu wa mjini Mtwara Msangamkuu hatupaiti Msangamkuu. Ukisimama huku, kule ni ng'ambo. Sijui kama niliwahi kupaita vinginevyo.

Nikajifunga kanga, nikamshika mama mkono kama nilivyofundishwa.

"Mwanangu, nakwenda ng'ambo mara moja. Ubaki na mtani wako, umsikilize."

"Ng'ambo?" akauliza.

"Ng'ambo. Mara moja tu."

Akauachia mkono wangu. Hakulia, hakunifuata. Alikwenda akakaa kwenye kigoda karibu na geti, akakunja mikono mapajani, akatulia tuli. Nikamtazama Mmakua, naye akanikonyeza, mtoto ameiva. Alhamdulillahi, nikasema, na nikatoka nikiwa mwepesi hata nikaimba njiani.

Mama mdogo nilimkuta anapepeta mchele. Tukasalimiana, nikampa shikamoo yangu akaipokea, na nilivyofurahi kupokelewa hata yeye alinishangaa. Nikamweleza yote, mlezi, tiketi, mafunzo ya kuaga. Akacheka sana habari za Mmakua. Kisha akauliza, kwa kuuliza tu, "Na leo umemuagaje?"

"Nimemwambia nakwenda ng'ambo mara moja."

Ungo ukasimama. Mchele ukamwagika pembeni na hakuuokota.

"Umemwambia ng'ambo? Kwa maneno hayo?"

"Si nimekuja ng'ambo, mama mdogo?"

"Mwanangu," akasema, "kwa mama yako ng'ambo ni moja tu."

Mimi nilikua nikijua kwamba bibi mzaa mama alifia ng'ambo, upande wa Msumbiji, na kwamba mama alilelewa na mama mkubwa upande huu. Zaidi ya hapo mama hakusema na sisi hatukuuliza. Mama mdogo akanieleza, na alinieleza kwa ufupi, kwa sababu aliona naangalia njia. Wakati wa vita na Mreno bibi alivuka Ruvuma na mama akiwa mtoto wa miaka tisa au kumi. Walifika salama upande huu, wakapokelewa. Lakini kule nyuma bibi alikuwa amemwacha mama yake, mzee asiyeweza kutembea. Baada ya siku chache akamshika binti yake mkono, akamwambia kwa Kimakonde chao, "Nakwenda ng'ambo mara moja. Ubaki na mama yako mkubwa, umsikilize." Akapanda mtumbwi. Hakuna aliyemwona tena.

"Mama yako alikuwa anakwenda kukaa ukingoni mwa mto," mama mdogo akasema. "Kiswahili hakijui, anajua Kimakonde cha kwao tu. Neno la kwanza alilojifunza huku lilikuwa shikamoo. Kila mwanamke aliyeshuka mtumbwini alimkimbilia, anakunja magoti, shikamoo mama, shikamoo mama. Sisi watoto tulimcheka. Mpaka mama yangu akatuchapa wote."

Sikumngoja amalize. Nilikimbia, mwanamke wa miaka arobaini na saba, kanga mkononi, mpaka kwenye kivuko. Nacho kilikuwa upande wa pili. Nikakiona kule, kimetia nanga, watu wanapanda taratibu, baiskeli, magunia, mtu na mbuzi wake. Maji yale si mapana. Unamwona mtu wa upande wa pili na unaweza kutambua rangi ya shati lake. Na mimi mwalimu wa jiografia, niliyewafundisha watoto wa watu mito yote ya Afrika na inakomwagia maji, nilisimama pale sijui kitu chochote kuhusu mto wa nyumbani kwetu. Nilimpigia Mmakua simu, ikaita, haikupokewa.

Nilipofika nyumbani geti lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Nikalifungua. Mama alikuwa palepale kwenye kigoda, mikono mapajani. Mmakua alikuwa amechuchumaa mbele yake na sahani ya chakula, na kwa mara ya kwanza nikamwona mwanamke yule ameishiwa matusi.

"Tangu ulipotoka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hajasema neno. Hajala. Kajikojolea na hataki kunyanyuliwa. Mimi nimemtukana mpaka nimeomba radhi."

Nikapiga magoti mchangani. Mama akanitazama. Shikamoo haikutoka. Akanyoosha mkono akanigusa sikio, akanigusa shingo, akanishika mkono juu ya kiwiko na kuuminya, kama unavyominya embe kujua kama limeiva.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi."

"Ulisema mara moja."

Nilitaka kusema kivuko kilichelewa. "Nimekawia," nikasema. "Nisamehe. Nilikawia sana."

"Mama mkubwa alisema hutarudi. Mimi nikamwambia atarudi." Akatazama nyuma yangu, getini, akahakikisha niko peke yangu. "Huendi tena."

Hakuuliza. Na tiketi ilikuwa ndani ya pochi, na pochi ilikuwa kwapani mwangu.

"Siendi tena," nikasema.

Jioni ile Mmakua aliniambia nisihangaike, ule uongo ni dawa. Jumamosi muage sokoni, panda basi lako, wiki moja atakuwa amesahau. Wodini ameona wengi. Namwamini, huenda ni kweli. Jumamosi asubuhi begi langu lilikuwa limefungwa, limefichwa kwa jirani. Nikamlisha mama uji. Nilipotaka kuinuka nikavutwa nyuma. Wakati nikimlisha alikuwa amechukua pindo la kanga yangu akalifunga na pindo la kanga yake, mafundo mawili, matatu, ameyakaza kwa vidole vile vile ambavyo haviwezi kufunga kifungo cha gauni. Nikaanza kulifungua. Fundo gumu. Yeye hakunizuia. Aliinamisha kichwa akawa anatazama vidole vyangu vinavyofanya kazi, fundo la kwanza, la pili. Hapo nikaacha.

Nilimchukia. Niseme wazi, dakika ile nilimchukia, yeye, na bibi yangu aliyerudi kumchukua mama yake, na kaka yangu, na Mreno, na kila mwanamke wa ukoo wetu aliyewahi kurudi kumchukua mama yake. Nilikaa pale nimefungwa na kanga mbili nikisikia saa ya basi inapita. Kisha nikampigia mkuu wa shule. Alinipa pole nyingi sana, pole za mtu aliyekwishapata mwalimu mwingine.

Mmakua alibaki. Anakuja asubuhi, anaondoka alasiri, na ndiye anayenifanya nipate kuoga na kufika sokoni. Kufuli nimeliondoa, kwa sababu tangu siku ile mama hajatoka. Hana haja. Aliyekuwa akimfuata mtoni amekwisha kumpata. Sasa ni mimi ninayefika mpaka getini, lipo wazi, nasimama hapo natazama barabara, na narudi ndani.

Wiki mbili baadaye tulikuwa barazani, mimi na yeye, tunachambua mboga. Kichwani mwake watu wa miaka yote wanakaa chumba kimoja na hawagombani, kwa hiyo sikushangaa aliponisogelea, uso umejaa habari.

"Mama," akasema, "sijakwambia. Na mimi nimezaa."

"Umezaa?"

"Nina binti. Mwalimu!" Akaacha mboga, akanishika goti. "Kasoma huyo! Anakaa mbali, kwenye milima huko. Anasimama mbele, anaongea, watoto wote kimya."

"Maashallah," nikasema. "Mbona haji kukuona?"

Akanitazama kwa huruma, kama nimesema neno la kijinga na yeye hataki kunitia aibu.

"Ana kazi, mama. Usimlaumu. Mimi nilikaa kukungoja, sikusoma, hata jina langu siandiki. Yeye sitaki angoje mtu. Akija hapa kukaa kwa ajili yangu, nitamfukuza." Akachukua tena fungu la mboga, akaendelea kuchambua. "Nawe ukimwona, umwambie hivyo hivyo."

"Nitamwambia," nikasema.